Kusimamia Seva bila Dawati la Michoro: Historia ya Zana Nyepesi kutoka Teletype hadi SSH, 1969–2024

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya zana nyepesi zinazotumika kusimamia seva pasipo dawati la michoro. Inapinga dhana iliyozoeleka kwamba kuandika amri ni desturi ya kale iliyosalia baada ya dirisha na kipanya kuingia. Kwa kufuata mpangilio wa matukio, makala inaonesha kwamba zana nyingi zinazotegemewa leo ziliundwa wakati michoro tayari ipo, na kwamba kila moja ilijibu tatizo mojawapo kati ya matatu: wembamba wa njia ya mawasiliano, kukatika kwa kikao cha kazi, na imani baina ya msimamizi na mashine asiyoiona kwa macho. Inahitimisha kwamba matatizo mawili ya mwanzo yamepatiwa ufumbuzi wa kuridhisha, ilhali la tatu limehama tu kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

1.0 Utangulizi

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine: hutunza barua pepe za taasisi, kumbukumbu za wanafunzi, hesabu za benki na kurasa za tovuti. Mara nyingi hukaa katika chumba cha baridi kilichofungwa, bila skrini wala kibodi. Anayeisimamia anaweza kuwa katika jengo jingine, mji mwingine au hata bara jingine. Tangu mwanzo, basi, swali la usimamizi wa seva limekuwa swali la umbali: mtu aliye hapa ataamrishaje mashine iliyo kule, na mashine hiyo itajuaje kwamba anayeiamrisha ndiye mwenye haki ya kufanya hivyo?

Anayeingia katika kazi hii akitokea kwenye kompyuta ya ofisini hushangaa kukuta kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi unaosubiri amri. Huona kama amerudishwa nyuma. Maelezo anayopewa kwa kawaida ni kwamba wataalamu wamezoea hivyo, au kwamba michoro hula kumbukumbu ya mashine. Yote mawili yana ukweli, lakini hayatoshi. Mazoea hayaelezi kwa nini zana mpya za maandishi ziliendelea kubuniwa mwaka 1995, 2007 na 2012, wakati kila kompyuta ya mezani ilikuwa na madirisha. Kumbukumbu ya mashine nayo imeongezeka mno bei ikishuka, na bado dawati la michoro halikurejea kwenye seva. Sababu zitafutwe katika historia ya zana zenyewe.

2.0 Njia Nyembamba, 1969–1979

Mfumo endeshi wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Chombo kilichotumika kuwasiliana na kompyuta za wakati huo kilikuwa teletype, yaani taipureta iliyounganishwa na waya. Teletype maarufu ya aina ya ASR-33 iliandika herufi 10 kwa sekunde. Mstari mmoja kamili wa herufi 72 ulichukua zaidi ya sekunde 7, huku mashine ikigonga kwa kelele kwenye karatasi.

Hali hiyo iliacha alama mbili zinazoonekana hadi leo. Ya kwanza ni ufupi wa majina ya amri. Amri ya kuorodhesha faili ni ls, ya kunakili ni cp, ya kuhamisha ni mv, na ya kufuta ni rm. Kila herufi iliyopunguzwa iliokoa muda na nguvu ya vidole. Alama ya pili ni ukimya. Amri ya Unix iliyofanikiwa kwa kawaida haisemi neno. Husema pale tu inapokwama. Mgeni huona ukimya huo kama ukavu, lakini mbele ya chombo kinachoandika herufi 10 kwa sekunde, maneno ya pongezi yangekuwa mzigo. Mwaka 1973 kikaongezwa kile alichokipigania Doug McIlroy: njia ya kuunganisha programu ndogo ili tokeo la moja liwe ingizo la nyingine. Wepesi wa kila zana ukapata thamani mpya, kwa kuwa zana ndogo zilizounganishwa ziliweza kufanya kazi ambayo hakuna hata moja iliyobuniwa kuifanya peke yake.

Skrini zilipochukua nafasi ya karatasi, tatizo la njia halikuisha. Bill Joy alianza kuandika kihariri cha vi mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kwa sehemu alikifanyia kazi kupitia modemu ya kasi ya baudi 300, yaani herufi zipatazo 30 kwa sekunde. Skrini ya kawaida ya maandishi ilikuwa na mistari 24 ya herufi 80, jumla herufi 1,920. Kuichora upya yote kulihitaji zaidi ya dakika moja. Ndiyo maana vi hupokea amri za herufi moja moja na kuhangaika kuchora tu sehemu iliyobadilika. Hata matumizi ya herufi h, j, k na l kusogeza kielekezi yalitokana na kibodi ya terminali ya ADM-3A, ambayo mishale yake ilichorwa juu ya vitufe hivyo. Msimamizi wa leo anayesogeza kielekezi kwa j anarithi umbo la kibodi ambayo huenda hajawahi kuiona.

3.0 Imani ya Majirani na Kuvunjika Kwake, 1983–1995

Mtandao ulipounganisha vyuo na maabara, kuingia katika kompyuta ya mbali kulifanywa kwa Telnet, itifaki iliyoanza kujadiliwa mwaka 1969. Mwaka 1983 toleo la Unix la Berkeley liitwalo 4.2BSD lilileta zana mbili nyepesi zaidi, rlogin na rsh. Kwa zana hizi, mtumiaji aliweza kuorodhesha katika faili moja mashine anazoziamini. Aliyetoka katika mashine hizo aliingia bila kuulizwa nywila. Utaratibu huo ulifanana na ule wa mtaa ambao kila mtu anamjua mwenzake: mlango hurudishwa tu, haufungwi kwa komeo.

Tarehe 2 Novemba 1988 mtaa huo ulivamiwa. Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachia programu-mnyoo iliyojisambaza yenyewe katika intaneti. Ilitumia kasoro za programu za barua na za utambulisho wa watumiaji, ilikisia nywila dhaifu, na pia ilipita katika milango ile ya imani ya rsh. Kadirio lililozoeleka linataja kompyuta zipatazo 6,000, wakati intaneti nzima ilikadiriwa kuwa na kompyuta 60,000.

Hatari nyingine ilikuwa ya kimyakimya. Telnet na rlogin zilipeleka kila kitu wazi, nywila ikiwemo. Aliyeweza kuweka programu ya kunasa mawasiliano katika kompyuta moja ya mtandao aliweza kukusanya nywila za wote wanaopita hapo. Mwezi Februari 1994 kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilitoa tahadhari kwamba wavamizi walikuwa wamekwisha kunasa taarifa za kuingilia makumi ya maelfu ya mifumo. Wepesi wa zana za awali, ambao ulikuwa fadhila yao, ulikuwa umejengwa juu ya dhana kwamba njia yote ni salama. Dhana hiyo ilikuwa imekufa.

Jibu lililodumu lilitoka Finland. Baada ya mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki kuvamiwa kwa njia hiyo ya kunasa nywila, Tatu Ylönen, aliyekuwa chuoni hapo, aliandika programu aliyoiita SSH na kuitoa bure mwezi Julai 1995. Aliomba ipewe mlango namba 22, uliokuwa wazi kati ya namba 21 ya itifaki ya kuhamisha faili na namba 23 ya Telnet, itifaki mbili alizokusudia kuziondoa. Ombi likakubaliwa. Hadi mwisho wa mwaka huo SSH ilikuwa na watumiaji wapatao 20,000 katika nchi 50.

Siri ya kukubalika haraka namna hiyo ni kwamba SSH haikumtaka msimamizi abadilishe kazi yake. Sura ya kioo ilibaki ileile, amri zilezile. Kilichobadilika ni njia: mawasiliano yalisimbwa yasisomeke na mpita njia, seva ikajitambulisha kwa ufunguo wake, na msimamizi naye akaweza kujitambulisha kwa jozi ya funguo badala ya nywila. Ylönen aliigeuza kazi yake kuwa ya kibiashara, na masharti ya leseni yakabana. Waendelezaji wa mfumo wa OpenBSD walichukua tawi lililotokana na toleo la awali lenye masharti huru, wakalisafisha, na kulitoa kwa jina la OpenSSH pamoja na OpenBSD 2.6 mwezi Desemba 1999. Mwaka huohuo Simon Tatham wa Uingereza alitoa PuTTY, programu ndogo iliyomwezesha mwenye Windows kuifikia seva ya Unix kwa faili moja isiyohitaji hata kusakinishwa.

Ieleweke kwamba michoro ilikuwapo wakati wote huo. Mfumo wa X wa MIT ulianza mwaka 1984 na uliweza kupeleka madirisha kupitia mtandao. Mwaka 1998 maabara ya Olivetti mjini Cambridge ilitoa VNC, iliyonakili skrini nzima hadi kwa mtu aliye mbali. Wasimamizi, basi, walikuwa na hiari. Waliochagua maandishi walichagua huku wakijua kilicho upande wa pili.

4.0 Kikao Kinachodumu, na Mfano wa Afrika Mashariki

Umbali una gharama ya pili: njia ikikatika, kazi hukatika nayo. Msimamizi aliyekuwa katikati ya kuboresha hifadhidata alipopoteza mawasiliano, programu aliyoianzisha iliweza kufa naye, ikiacha kazi nusu. Mwaka 1987 Oliver Laumann na Carsten Bormann, wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, waliandika programu iitwayo screen. Wazo lake ni jepesi kulieleza: kikao cha kazi kiishi ndani ya seva, si katika waya. Msimamizi hujiunga nacho, hujitenga, na hurudi kesho akikikuta kama alivyokiacha. Mwaka 2007 Nicholas Marriott alianzisha tmux, iliyofuata wazo hilohilo kwa msimbo mpya.

Umuhimu wa zana hizi unaonekana vizuri zaidi pale ambapo njia ilikuwa mbaya zaidi. Hadi katikati ya mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti ya Tanzania na Kenya kwenda nje yalitegemea zaidi setilaiti. Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja angani huwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ishara ikipanda na kushuka hutumia takribani robo sekunde, na jibu hutumia robo nyingine. Kila swali na jibu, basi, ni nusu sekunde hata kama njia haina msongamano, na njia hizo zilikuwa ghali na zenye kujaa.

Hesabu ndogo inaonesha maana yake. Skrini kamili ya maandishi ni herufi 1,920, yaani baiti 1,920. Picha ya skrini ya nukta 1024 kwa 768 yenye rangi 256, kabla ya kubanwa, ni baiti 786,432. Uwiano wake ni zaidi ya mara 400. Kwa aliyekuwa Dar es Salaam akisimamia seva iliyokodiwa Ulaya, dawati la michoro lilimaanisha kusogeza kipanya na kusubiri kielekezi kifuate, kisha kubofya mahali ambapo kitufe kilikuwa nusu sekunde iliyopita. Amri ya maandishi nayo ilichelewa, lakini haikupotoka: huandikwa mara moja, hutumwa, na jibu hurudi. Ucheleweshaji uliokera katika maandishi uliharibu kazi katika michoro.

Mafunzo ya wataalamu wa mitandao barani yalifuata mkondo huo. Kikundi cha waendeshaji mitandao wa Afrika, AfNOG, kilichoanza kukutana Cape Town mwaka 2000 na kufika Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, kilifundisha usimamizi wa mifumo ya jamii ya Unix kwa amri. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukifuatiwa na ule wa TEAMS kati ya Mombasa na Fujairah, na wa EASSy mwaka 2010. Njia ikapanuka. Lakini zana hazikuachwa, maana wakati huohuo msimamizi alianza kufanya kazi kupitia mtandao wa simu, unaoyumba kwa namna yake. Kwa hali hiyo Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT waliwasilisha Mosh mwaka 2012: kikao hakikatiki mtumiaji anapohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na herufi anazoandika huoneshwa papo hapo kwa kukisiwa kabla seva haijajibu.

Suala la lugha nalo lina nafasi yake hapa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri ilianzia kwenye dawati, mahali penye menyu na vitufe vinavyotafsirika. Kioo cha amri hakikuguswa, kwa kuwa ls na rm si maneno ya lugha yoyote kamili. Ni vifupisho vilivyotokana na Kiingereza ambavyo hata Mwingereza hulazimika kujifunza. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anakutana na zana hizi kwa ugumu wa aina mbili: amri zenyewe, na maelezo yake ambayo kwa sehemu kubwa yako katika Kiingereza.

5.0 Njia ya Kati: Kivinjari

Si kila msimamizi alitaka au aliweza kukariri mafaili ya usanidi. Mwaka 1997 Jamie Cameron wa Australia alitoa Webmin, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl. Seva iliendesha huduma ndogo ya tovuti katika mlango namba 10000, na msimamizi akatumia kivinjari cha kompyuta yake kuongeza watumiaji, kupanga barua au kuwasha huduma. Michoro ilikuwapo, lakini mzigo wa kuichora ulibebwa na kompyuta ya msimamizi. Seva ilituma fomu tu. Jambo la busara katika muundo wake ni kwamba Webmin huhariri mafaili yaleyale ya usanidi ambayo mtu angeyahariri kwa vi, hivyo njia mbili ziliweza kutumika kwa pamoja. Katika miaka ya 2010 mradi wa Cockpit, ulioanzishwa na wahandisi wa Red Hat, uliendeleza fikra hiyo kwa huduma inayoamka pale tu mtu anapogonga mlango wake, namba 9090.

Ushahidi wenye uzito zaidi dhidi ya dhana ya kurudi nyuma unatoka Microsoft, kampuni iliyoyafikisha madirisha mezani kwa watu wengi. Mwaka 2006 ilitoa PowerShell, sheli ya amri iliyotokana na waraka wa Jeffrey Snover wa mwaka 2002. Mwaka 2008 Windows Server 2008 ikaja na chaguo la Server Core, lisilo na dawati la kawaida. Msingi wa uamuzi huo ulikuwa kwamba kila kijenzi kilichosakinishwa ni kijenzi kinachohitaji kurekebishwa na kinachoweza kushambuliwa. Wepesi sasa ulikuwa umeacha kuwa suala la kasi ya njia na kuwa suala la usalama.

6.0 Imani Inarudi kwa Mlango Mwingine

Hata hivyo, uchache wa vijenzi hautoshi iwapo kijenzi kimoja kilichobaki kimeharibika. Mwezi Mei 2008 ilibainika kwamba badiliko moja katika maktaba ya usimbaji ya Debian, lililofanywa mwaka 2006, lilifanya funguo zilizotengenezwa humo, zikiwemo za SSH, kuwa chache kiasi cha kuweza kuorodheshwa zote: takribani 32,768 kwa kila aina na ukubwa. Wasimamizi waliokuwa wameacha nywila kwa ajili ya usalama wa funguo walilazimika kuzitengeneza upya.

Mwezi Agosti 2019 ikafichuka kwamba msimbo wa siri ulikuwa umepenyezwa katika mashine ya kuandalia matoleo ya Webmin tangu mwaka 2018. Aliyeukagua msimbo wa wazi wa mradi asingeuona, kwa sababu ulikuwamo tu katika vifurushi vilivyopakuliwa na watu.

Tukio la tatu ndilo zito kuliko yote. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mwendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya kubana data iitwayo xz yalikuwa na mlango wa siri uliolenga SSH katika baadhi ya mifumo ya Linux. Aliyeuweka alitumia zaidi ya miaka 2 kujenga sifa njema katika mradi uliotunzwa kwa kujitolea na mtu mmoja aliyechoka. Freund aliugundua kwa sababu alikuwa akipima kasi ya mfumo, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kwa takribani nusu sekunde. Nusu sekunde ileile iliyokuwa kawaida kwenye setilaiti sasa ilitosha kumtia mtu mashaka. Wepesi wenyewe ulikuwa kipimo: zana isiyo na mzigo ilipoanza kubeba mzigo, ilionekana. Matoleo hayo yaliondolewa kabla hayajaenea katika mifumo mingi ya seva.

7.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kwamba zana za maandishi hazikusalia kwenye seva kwa kusahauliwa. Ziliundwa upya kila mara hali ya umbali ilipobadilika: vi kwa modemu ya polepole, screen na tmux kwa njia inayokatika, SSH kwa njia inayosikilizwa, Mosh kwa mtu anayehama, na Server Core kwa mashine isiyotaka kubeba milango isiyohitajika. Tatizo la wembamba limepungua kwa mikongo, na la kikao limepata zana zake.

Tatizo la imani ni tofauti. Mwaka 1983 imani iliwekwa kwa mashine jirani. Mwaka 1995 ilihamishiwa kwenye funguo na hesabu za usimbaji. Mwaka 2024 ikabainika kwamba nyuma ya hesabu hizo yupo mtu, pengine mmoja, anayetunza maktaba ndogo kwa muda wake wa ziada. Chuo au hospitali ya Dodoma inayotumia SSH inamtegemea mtu huyo sawa na benki ya London. Kwa hiyo mafunzo ya usimamizi wa seva katika nchi zinazozungumza Kiswahili yasiishie kwenye orodha ya amri. Mwanafunzi ajue pia kila zana ilitoka wapi, nani anaitunza, na namna ya kutambua inapoanza kufanya kazi isiyo yake. Ujuzi wa namna hiyo ukipatikana katika lugha anayoifikiria, wataongezeka watakaoweza kuhoji nusu sekunde isiyo ya kawaida.